Utenzi wa Ng'ombe Zinduna

Sitaki wino, kalamu,
nileteni ndoo humu,
nieleze kwa nudhumu
kisa cha haya maziwa.

Ni Mtopanga, uani,
zizi kando ya jikoni,
Zinduna yumo bandani,
jasi rangi ya kahawa.

Akitoa lita nane,
watu mlango wabane,
kwa chupa wasukumane,
chai ipate kutiwa.

Machi, joto likiwaka,
lita mbili tu zatoka,
kiwele kimefutuka
kana kwamba kafungiwa.

Wakasema ni husuda,
nifukize kwa kaida;
udi umekwisha; shida
yabaki ilivyokuwa.

Nikaenda Kongowea,
majani yalolegea,
pumba nikamletea,
machicha ya kugaiwa.

Akala, akanenepa,
mimi deni nimekopa,
na bado tupu ni chupa,
hakuna la kupimiwa.

Kaja mtu na sindano,
mwenye utamu wa neno:
"Homoni hii, mfano
wa bomba kufunguliwa.

"Mia tano kila dozi,"
akaipapasa ngozi,
na papo, bila ajizi,
kwa teke akajibiwa.

Umazi, tabibu wetu,
wa wanyama, si wa watu,
gambuti ndivyo viatu,
maji kaomba, kapewa.

Si ya kunywa, ya mezani,
ni ya ng'ombe, ya pipani.
Kaonja, katema chini:
"Bi, haya si ya kunywewa!

"Maziwa shina ni maji;
tumbo lake ni mtaji;
nyasi ndefu ahitaji,
mafuta yapate kuwa.

"Na nani amkamua?"
Moyo wangu ukajua,
macho chini nikatua
ja mtu kafumaniwa.

Nzaro wa wimbo puani
nilimwachisha kazini
kwa shilingi hamsini:
kaomba kuongezewa.

Nikamtwaa kijana,
redio, na kutukana,
mpira wa bomba, bwana,
mgongo washambuliwa.

"Ana kengele kichwani:
ndama akiwa chuchuni,
au wimbo sikioni,
hulia, yakaachiwa.

"Akishtuka, ubongo
hukomelea mlango;
si kaidi, si urongo,
ni woga ulomwagiwa."

Nikarudi Makadara
kwa fikira, hiyo mara
mtoto wangu Tahira
chumba cha joto katiwa.

Ziwa langu likagoma;
kula, nikala kwa hima,
supu ya pweza, na nyama,
tone sikujaaliwa.

Ndipo usiku, kilio
kikanipata sikio;
si Tahira wangu, sio,
kanga yangu ikalowa.

Nzaro nikamtafuta,
Utange nikamkuta
akichunga wake bata;
sabini kaahidiwa.

Hakusema "nilijua".
Maji moto kachukua,
kiwele kakisugua
ja mwana wa kulelewa.

Nzaro akaanza wimbo,
bila neno, bila jambo;
sikio likenda kombo
na macho yakalemewa.

Kwanza tone, kisha uzi
ndooni, kama mluzi,
povu likapanda ngazi,
nusu ndoo yapitiwa.

Si nane bado, ni tano;
nyasi zachana mkono,
maji nanunua, mno,
mitungi ya kuletewa.

Mwenye sindano karudi,
akaiona idadi:
"Dozi yako imezidi!
Ni ya nani hiyo dawa?"

Nikacheka, sikujibu.
Tahira, pale karibu,
mwanawe mwenye ghadhabu
puani anaimbiwa

wimbo ule, wa zizini;
Zinduna kule uani
kasikia, na chuchuni
yatona haya maziwa.